Ufundi wa Orodha

Barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret hupanda mpaka masikio yazibe, na karibu na kilele chake ndipo ilipo Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo koti huvaliwa Januari na Julai. Kando ya lami kuna magunia ya viazi na karoti zilizooshwa zikang'aa. Nyuma ya maduka kuna ploti: vyumba vya mbao, mlango kwa mlango, vinavyokaliwa na wapakiaji wa viazi, vibarua wa msituni, wasichana wa hoteli, walimu wapya, na kina mama wenye watoto wawili watatu. Kodi hulipwa tarehe tano. Mwezi ukiharibika kwa moto, kwa ghasia au kwa ugonjwa, mpangaji wa chumba kama hicho ana siku chache tu kabla kufuli la mwenye ploti halijafika mlangoni.

Serikali ikiamua kumsaidia mtu huyo, pesa zenyewe hutangazwa jukwaani kwa dakika moja na watu wakapiga makofi. Kinachofuata hakipigiwi makofi. Ni meza ya mbao, daftari la mistari, na naibu wa chifu anayepaswa kuamua jina lipi liandikwe na lipi lisiandikwe. Nimewatazama wachache wanaoiweza kazi hii, na nimekuja kuwaheshimu kuliko ninavyowaheshimu wanaotoa hotuba. Msaada wa kodi hufika au hupotea pale mezani, kabla senti moja haijatoka hazina.

Upande huu wa nchi ulijifunza kuandika orodha katika hali mbaya kabisa. Burnt Forest, mbele kidogo ukielekea Eldoret, ilipitia mapigano ya 1992, kisha ikapitia tena yale yaliyofuata kutangazwa kwa matokeo ya urais tarehe 30 Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Waliofurushwa makwao walikuwa mamia ya maelfu. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukageuka mji wa mahema. Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na wizara ya mipango maalumu, iliyokuwa chini ya Dkt. Naomi Shaban, ikawa na viwango viwili: shilingi 10,000 kwa kila kaya za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 za kujenga upya kwa kaya ambayo nyumba yake iliharibiwa.

Viwango viwili tu. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuzidisha. Lakini kaa kando ya meza uone. Anakuja mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake: hiyo ni kaya moja au mbili? Anakuja kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akilala katika kibanda chake uani kwa babake, lakini akila kwa mamake. Anakuja nyanya anayelea wajukuu wanne ambao mama yao yuko Nairobi na simu yake haipatikani. Watu wa takwimu wana kipimo chao, kwamba kaya ni wale wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, na kipimo hicho ni kizuri mpaka ukutane na watu ambao vyungu vyao vimeungua.

Naibu wa chifu anayejua kazi haulizi "Mko wangapi?" Swali hilo huzaa watoto papo hapo. Yeye huuliza maswali ya jikoni. "Gogo, nani alikoka moto jana asubuhi?" "Baba, huyu kijana anapikia wapi?" "Shosho, mtoto wa mwisho yuko darasa gani, na mwalimu wake ni nani?" Anaandika polepole, haonyeshi kushangaa, hasemi "mbona". Mtu akitaja mtoto wa saba ambaye hakuwepo, kwa kawaida hushindwa kumtafutia mwalimu. Naibu hafanyi makuu, hamtoi mtu aibu mbele ya foleni. Anaandika sita, anageuza ukurasa, na mtu yule naye anajua kwamba sita ndiyo imeandikwa. Nimependa sana unyamavu huo. Ofisa mwenye kiherehere angemfokea, na kufikia saa sita foleni nzima ingekuwa inabishana.

Kisha kitambulisho. Kimeungua, au kimebaki ndani ya koti lililobaki nyumbani. Sheria inataka namba. Mjuzi wa kazi ana njia: abstrakti ya polisi, kadi ya kliniki ya mtoto, namba iliyoandikwa katika daftari la chama cha ushirika wa maziwa, na mashahidi wawili ambao si ndugu wa mwombaji, wala si ndugu wao kwa wao. Sharti hilo la pili ndilo linalomtofautisha anayejua na anayebahatisha. Mashahidi wawili wa nyumba moja ni shahidi mmoja mwenye midomo miwili.

Kisha laini ya simu. Siku hizi malipo hupita kwenye simu, na ndipo orodha nyingi nzuri zinapovunjika. Mama ana simu, lakini laini imesajiliwa kwa jina la mtoto wa shemeji yake. Pesa zikitumwa, majina hayalingani na mfumo unazirudisha. Mama anaambiwa "umelipwa" wakati hajaona kitu. Karani makini huweka nafasi mbili katika mstari: jina la mwenye haki, na jina ambalo laini inasoma, pamoja na uhusiano wao. Ni nafasi ndogo, upana wa vidole vitatu. Inaokoa wiki tatu za malalamiko.

Inafaa kukumbuka kwamba njia hii ya simu ilijaribiwa mapema karibu na hapa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Haukupita muda mrefu kabla shirika la Concern Worldwide halijaitumia kupeleka pesa za dharura Bonde la Kerio, kaskazini mashariki ya Eldoret, kwa kaya zipatazo 570 zilizoathiriwa na ghasia. Wengi hawakuwa na simu. Basi wakapangwa katika makundi, kila kundi na simu yake, kila kaya na laini yake, na chaja ya jua kwa sababu hakukuwa na stima. Kinachonivutia hapo ni ile laini ya kila kaya ndani ya simu ya wengi. Mtu alifikiria kwamba chombo kinaweza kuwa cha kundi, lakini jina lazima liwe la mwenyewe.

Ikifika siku ya baraza, majina husomwa hadharani. Hapa ufundi uko katika mwendo. Karani asiyejua husoma kama anayekimbizwa na mvua. Anayejua husoma majina matatu, kijiji, kisha ananyamaza. Anasubiri. Mtu anakohoa. Sauti kutoka nyuma inasema, "Huyo alihama Septemba." Naibu hafuti jina pale pale; anaweka alama kwa penseli, na kesho yake anaenda kuona kwa macho. Kalamu ya wino ni ya aliyeonekana, penseli ni ya aliyesemwa.

Hata hivyo baraza lina hatari ambayo wapenzi wa "kuhusisha wananchi" hawapendi kuitaja. Mahali watu walipopigana, jirani anayeulizwa kama anamjua huyu anaweza kuwa yule yule aliyemfukuza. Au ni mtu mwema, ila anaogopa kusema mbele za watu kwamba nyumba ya kabila fulani ilikuwa pale. Katika hali hiyo kelele za barazani si ushahidi, na ukimya si ushahidi. Orodha inahitaji mguu wa pili nje ya kijiji: rejista ya shule, hesabu ya Msalaba Mwekundu kutoka kambini, kitabu cha kanisa au cha zahanati. Ofisa anayejua mahali pake huona haraka ni lini baraza linasema kweli na ni lini linasema linalotakiwa. Hilo halifundishwi katika semina ya siku mbili pale hotelini.

Tarehe ya kufunga orodha nayo ina utata wake. Ifunge mapema, umewaacha waliokimbia mbali zaidi, ambao mara nyingi ndio walioumia zaidi. Icheleweshe, wanafika wale ambao msiba wao ulianza waliposikia redio. Mwaka 2008 malalamiko yote mawili yalisikika kwa pamoja, wakimbizi bandia waliolipwa na wakimbizi wa kweli walioachwa, na nadhani ni kosa kudhani moja lilighushiwa kuficha lingine. Orodha mbaya hukosea pande zote mbili kwa mpigo.

Sasa nirudi kwa mpangaji, maana ndiye anayenisumbua.

Nyumba ya shambani ikichomwa hubaki msingi, mabati yaliyokunjamana, majivu. Mwenyewe anamwongoza ofisa mpaka pale na kusema, "Hapa ndipo." Mpangaji hana "hapa". Chumba kilikuwa cha mwingine, majivu ni ya mwingine. Alichopoteza ni kitanda, jiko, cherehani, dipoziti aliyoweka kwa mwenye ploti, na wateja wake wa mandazi. Akikimbia, mara nyingi haendi uwanjani kulala kwenye hema. Anaenda kupanga chumba kingine Nakuru, Naivasha au mtaa wa Langas kule Eldoret, au anajibana kwa dada yake. Wataalamu waliwapa watu hao jina refu, wakimbizi wa ndani waliochanganyika na jamii, na kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa karibu yote waliyopata. Waliosalia kambini ndio waliofikiriwa. Mwaka 2013 kaya zilizokuwa bado kwenye mahema zililipwa shilingi 400,000 kila moja ili kambi zifungwe. Sisemi hawakustahili. Nasema hema lilionekana kutoka barabarani, na chumba cha kupanga hakikuonekana.

Kwa hiyo ujuzi wa juu kabisa katika kazi hii, kwa maoni yangu, ni kumwona mpangaji. Na vifaa vya kumwona vipo, vimelala mfukoni mwake. Jumbe za M-Pesa, kila mwezi tarehe tano au sita, kwa namba ile ile. Tokeni za stima zilizonunuliwa kwa mita ile ile. Daftari la msimamizi wa ploti, lenye kurasa zilizolowa chai. Kitabu cha madeni cha duka la jirani, ambacho hakina haya wala hakisahau. Karani mzuri akiziona jumbe sita za kodi mfululizo kisha kimya, ameona ushahidi bora kuliko barua yoyote yenye muhuri: anaona mwezi ule maisha yalipokatika.

Wamarekani walifika kwenye somo hili kwa gharama kubwa. Wakati wa korona, Bunge lao lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 kwa ajili ya kodi za nyumba, kwa sheria ya Desemba 2020 na nyingine ya Machi 2021, na kuziachia majimbo, kaunti na miji izigawe. Kufikia mwisho wa Julai 2021 ni kama asilimia 11 tu iliyokuwa imefika kwa watu. Fomu zilikuwa ndefu. Mwenye nyumba alitakiwa kushiriki, na wengine walikataa. Mtu aliyekuwa akilipwa mshahara wa taslimu aliombwa stakabadhi ambayo haijawahi kuandikwa. Hazina yao ikalegeza: mwombaji aandike kwa kiapo mwenyewe kipato chake na hali yake, mpangaji alipwe moja kwa moja ikiwa mwenye nyumba hataki, na majimbo yanayokokota miguu yanyang'anywe pesa zipewe yanayokimbia. Kasi ikapanda. Wapo waliodanganya, bila shaka. Lakini mizani ni hii: udanganyifu wa mmoja hugharimu kodi ya miezi michache, na ucheleweshaji wa mmoja humtoa mtoto shuleni. Mimi ningechukua hasara ya kwanza.

Kwetu, jaribio la karibuni lilikuwa Mei 2024. Baada ya mafuriko, waliokuwa wakiishi kando ya mito ya Nairobi, Mathare na Mukuru, waliamriwa kuhama na vibanda vyao vikabomolewa. Rais Ruto akawaahidi shilingi 10,000 kila kaya watafute pa kupanga. Huo ndio msaada wa kodi wa dharura, bila jina la kigeni. Wengi wa waliohamishwa walikuwa wapangaji, na vibanda vyenyewe vilisimama kwenye ardhi isiyo na hati, kwa hiyo kila swali nililolitaja hapo juu lilirudi kwa kasi: nani alilala hapa, laini ni ya nani, mwenye kibanda ahesabiwe pamoja na mpangaji wake au mmoja wao? Wako waliopata, na wako waliolalamika kwamba majina yao hayakuonekana. Ila msomaji ameiona namba. 10,000 ya 2008, 10,000 ya 2024. Miaka kumi na sita, bei za vitu zimepanda zaidi ya maradufu, na kaya ya Kenya iliyopatwa na janga bado inathaminiwa kwa noti kumi zile zile za elfu moja.

Orodha bora niliyowahi kuisoma habari zake haikutengenezwa mjini. Ni ya mpango wa HSNP wa kukinga watu na njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Waliokuwa wakilipwa kila mara walikuwa kaya kama 100,000. Lakini walioandikwa walikuwa zaidi ya 370,000, karibu kila kaya ya kaunti hizo nne, na akaunti za benki zikafunguliwa mapema. Kwa nini uandike watu ambao huna mpango wa kuwalipa? Kwa sababu ukame utakuja. Kuanzia 2015, picha za setilaiti zikionyesha majani yamekauka kupita kiwango fulani, malipo ya dharura hupanuliwa kwa kaya nyingine zilizomo tayari. Hakuna foleni, hakuna meza chini ya mti, hakuna mtu anayeulizwa nani alikoka moto huku akiwa na njaa. Maswali yote yaliulizwa wakati wa shibe.

Mpangaji wa Timboroa au wa Langas angeweza kuandikwa hivyo hivyo. Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu serikali ya kaunti, kwa idhini ya bunge lake, kuanzisha hazina ya dharura. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kutoa malipo kwa jambo la haraka lisilotarajiwa ambalo haliwezi kungoja bajeti ijayo, mradi yasizidi asilimia mbili ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, kisha aombe idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili. Ni kifungu kilichoandikwa kwa akili: lipa kwanza, jieleze upesi. Lakini kifungu hakina macho. Kinamlipa aliyeandikwa.

Watanikumbusha Nyumba Kumi, mpango ulioanzishwa 2013, kwamba tayari wazee wa mitaa wanajua nani anaishi wapi. Wanajua, ni kweli. Tatizo ni kwamba orodha hiyo ilizaliwa kwa ajili ya usalama, na mpangaji anayesikia mlango ukigongwa na mtu mwenye daftari hufikiria polisi kabla ya kufikiria msaada. Hujificha, au hutoa jina la nusu. Orodha ya msaada na orodha ya upelelezi haziwezi kukaa katika daftari moja. Ya pili huila ya kwanza. Ofisa anayeandika wapangaji lazima aweze kusema, na iwe kweli, kwamba jina hili halitavuka kwenda ofisi nyingine.

Kaunti ya Uasin Gishu ina sababu ya kuanza. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na jiji ni wapangaji. Wakati wa kuwaandika ni sasa, kabla ya janga, wakati naibu wa chifu ana nafasi ya kutembea ploti kwa ploti na kuandika mita ya stima, namba ya simu na jina ambalo laini inasoma. Apewe nauli, apewe vitabu vinavyotosha, na apewe karani wa pili, maana mtu mmoja hawezi kuuliza, kuandika na kutazama sura ya anayejibu kwa wakati mmoja. Bunge la kaunti lidai kuiona idadi kila mwaka, si majina.

Nawe msomaji unayepanga, usingoje kaunti. Ukihamia ploti mpya, mjulishe mzee wa mtaa mwezi huo huo. Sajili laini yako kwa jina lako. Lipa kodi kwa simu hata kama mwenye nyumba anapenda taslimu, na usizifute zile jumbe.